Barua ya wazi kwa wakurugenzi na bodi za mashirika yasiyo ya kiserikali kuhusu ari ya wafanyakazi

Waheshimiwa Wakurugenzi Watendaji,
Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi,

Nawaandikia nikiwa mmoja wa Watanzania ambao kwa sehemu kubwa ya maisha yao ya kazi wamelipwa kutoka kwenye miradi yenu, kwanza nikiwa afisa wa mradi wilayani na baadaye katika idara ya rasilimali watu, ambako huandaa mikataba, hupokea barua za kuacha kazi na kuwasikiliza wanaoziandika. Siandiki juu ya shirika moja na hakuna shirika nitakalolitaja. Naandika kwa sababu, kila suala la maslahi ya wafanyakazi linapofika mezani kwenu, jibu huwa lile lile hata likibadilishwa maneno: kwamba watu wetu wako hapa kwa wito, hawakufuata fedha. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaolifanya liwe rahisi kutumiwa vibaya.

Ukweli wenyewe hauna ubishi. Muuguzi anayeacha wodi ya hospitali ili azunguke kwa pikipiki vijijini akiwatafuta wateja wa kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU walioacha kumeza dawa, au mwanasheria anayetoa msaada wa kisheria kwa wajane wenye migogoro ya mirathi badala ya kufungua ofisi yake mjini, hakukosa pa kwenda. Katika mahojiano ya mwisho, ninapomuuliza mtu anayeondoka ni siku gani ya kazi anayoikumbuka kwa furaha, ni nadra kutajiwa siku ya mshahara. Hunitajia mteja ambaye virusi vyake hatimaye vimefubazwa, shauri la ardhi lililokwisha kwa haki, au binti aliyejifungua akarudi darasani baada ya Serikali kuruhusu jambo hilo Novemba 2021. Watu hawa hawaigizi.

Kosa linaanza pale ukweli huu unapogeuzwa kuwa sababu ya kutoshughulikia mambo mengine. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano yao na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waligundua kwamba mambo yanayomfanya mtu aipende kazi yake, kama vile mafanikio, kutambuliwa, uzito wa kazi yenyewe na kupewa wajibu, si yale yale yanayomfanya aichukie, yaani sera za mwajiri, usimamizi mbovu, mshahara na mazingira ya kazi. Wapo waliomkosoa, kwa hoja kwamba binadamu hupenda kujihesabia mazuri na kumtupia mwajiri mabaya, nami naikubali sehemu ya hoja hiyo. Lakini sijaona maelezo yanayofanana zaidi na hali ya mashirika yetu. Kundi la kwanza tunalo kwa wingi, tena bila jasho la uongozi, kwa kuwa kazi yenyewe ya kuhudumia watu ndiyo inayolileta. Kundi la pili limeachwa lijiendee. Na mafundisho ya utafiti ule ni kwamba wingi wa kundi moja hauzibi pengo la jingine: mtu anaweza kuipenda kazi yake kwa dhati na wakati huo huo akashindwa kuendelea nayo.

Naomba nianze na mikataba, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona ari ikipotea kwa kasi kuliko mahali pengine popote. Miradi iliyofadhiliwa na Serikali ya Marekani ilifuata mwaka wao wa fedha unaoisha Septemba 30, na wafadhili wengine hufunga Desemba 31. Yeyote aliyefanya kazi katika miradi hiyo anajua jinsi ofisi inavyobadilika kuanzia Julai. Watu huanza kusahihisha wasifu wao kwenye kompyuta za ofisi, mikutano hujaa ukimya, na afisa aliyekuwa akipanga shughuli za mwaka ujao na watendaji wa kata huacha kuahidi lolote kwa sababu hajui kama mwaka ujao atakuwepo. Mkataba wa mwaka mmoja huhuishwa mara tano, mara saba, na kila mara mfanyakazi huambiwa wiki ya mwisho, wakati mwingine baada ya mkataba kuisha. Hawezi kukopa benki kwa mkataba uliobakiza miezi miwili, wala hawezi kumweleza mwenye nyumba kama atalipa kodi ya miezi sita ijayo. Kisha tunashangaa kwamba mwezi Agosti anakubali kazi yenye mshahara mdogo zaidi serikalini.

Mtasema mfadhili ndiye anayechelewa. Mara nyingi ni kweli. Lakini mkurugenzi huwa na taarifa nyingi kuliko anazozitoa. Anajua kama maombi ya awamu ya pili yamewasilishwa, kama mfadhili ameuliza maswali, kama bajeti imepunguzwa na kwa kiasi gani. Anazificha kwa hofu kwamba watu wataondoka, na kuzificha huko ndiko kunakowaondoa, tena wanaanza kuondoka wale wenye uwezo wa kupata kazi kwingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yenyewe inatambua kwamba kutohuisha mkataba wa muda maalumu, pale mfanyakazi alipokuwa na matarajio ya haki ya kuhuishiwa, ni namna ya kusitisha ajira. Sitaki suala hili lizungumzwe kwa lugha ya mahakama, maana mfanyakazi aliyefika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi amekwisha kukata tamaa zamani. Nataka tu bodi zielewe kwamba matarajio hayo mnayajenga wenyewe, mwaka baada ya mwaka, kwa kila mkataba mnaousaini.

Yaliyotokea mwaka 2025 yanafundisha zaidi kuliko nadharia yoyote. Januari 20 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye barua za kusitisha kazi zikaanza kufika katika ofisi za miradi. Machi ilitangazwa kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Serikali ya Marekani, zimefutwa, na kufikia Julai 1 shirika hilo lilikuwa limefungwa. Hakuna mkurugenzi wa Kitanzania aliyekuwa na uwezo wa kuzuia hayo, na simlaumu yeyote kwa fedha zilizokatika. Ila nimezungumza na wengi waliopoteza kazi msimu ule, na hasira yao haikufuata ukubwa wa hasara. Wapo waliokusanywa siku ile ile, wakaelezwa kilichopo kwenye akaunti, siku ambazo zingeweza kulipwa na siku ambazo zisingeweza, wakapewa barua za utumishi zilizoandikwa kwa makini; hao hadi leo humsifu kiongozi wao, na baadhi waliendelea kwa hiari yao kuwapigia simu wateja ili wasikatize dawa. Wapo pia waliojua kwamba hawana kazi kupitia kundi la WhatsApp, wengine wakakuta kitasa cha ofisi kimebadilishwa. Hao hawatarudi katika sekta hii, na wamewashauri wadogo zao wasiikaribie.

Jambo la pili ni posho, na hapa naomba nivumiliwe kwa kuwa mkweli, maana ni jambo ambalo sote tunalijua na hakuna anayeliandika. Posho ya kujikimu iliwekwa ili mtu anayesafiri kikazi asitumie fedha zake kwa chakula na malazi. Katika mashirika mengi imekuwa sehemu ya pili ya mshahara, na kwa ngazi za chini ndiyo sehemu inayolipa ada za watoto. Matokeo yake ni kwamba afisa anayemaliza kazi yake ofisini kwa siku mbili hupata kidogo kuliko anayeisambaza kazi hiyo hiyo katika safari ya siku tano. Warsha ya nusu siku huwa ya siku tatu, nayo hupelekwa Morogoro au Bagamoyo hata kama washiriki wote wanaishi Dar es Salaam. Na orodha ya watakaosafiri, ambayo kwa kawaida hupangwa na meneja mmoja bila utaratibu ulioandikwa, huwa ndiyo tuzo halisi ya shirika, yenye nguvu kuliko tathmini ya utendaji ya mwisho wa mwaka ambayo kila mtu hupata alama zinazofanana. Mnapouliza ni motisha gani mliyonayo kwa wafanyakazi, jibu ni kwamba mfumo wa motisha mnao tayari, na unalipia kulala hotelini.

Walioujenga mfumo huo ni viongozi, kwa hiyo ni makosa kuwaita wafanyakazi wachoyo wanapoufuata. Una madhara mengine ambayo huonekana miaka ishirini baadaye. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambayo kwa pamoja ya mwajiri na mfanyakazi ni asilimia 20, hukokotolewa kwenye mshahara, wala posho ya safari haimo katika hesabu hiyo. Mfanyakazi aliyeishi kwa posho maisha yake yote hustaafu na pensheni ya ule mshahara mdogo aliokuwa hautegemei. Madereva ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu mishahara yao ni ya chini na safari zao ni nyingi. Dereva anapofikisha umri wa kutoweza tena kuendesha usiku kwenda Katavi au Kigoma, kipato chake huporomoka kabla hajastaafu. Kuhamishia sehemu ya fedha za safari kwenye mshahara, na kubandika mpango wa safari wa robo mwaka mahali ambapo kila mtu anauona, ni uamuzi ulio ndani ya mamlaka ya shirika. Naufahamu ugumu wake: wanaofaidika na mpangilio wa sasa ndio wanaokaa kwenye kikao cha kuubadilisha.

Kuhusu mshahara wenyewe nitasema machache. Hakuna anayetegemea kulipwa na shirika la hiari kama anavyolipwa na kampuni ya simu. Kinachovunja watu moyo ni tofauti zisizoelezeka ndani ya jengo moja, kati ya mgeni na mwenyeji wenye shahada moja na majukumu yale yale, au kati ya mradi na mradi. Ngazi za mishahara zikiandikwa na kila mtu akajua yuko wapi na kwa nini, manung'uniko mengi hupungua hata kama kiwango hakijapanda.

Sasa nije kwenye lile kundi la kwanza, la kazi yenyewe, ambalo nilisema tunalo kwa wingi. Hata hilo tunalipoteza, kwa namna tunavyoshughulikia taarifa. Kila mwezi maofisa hukusanya takwimu kwenye rejista, huziingiza kwenye mfumo, husahihisha, hutuma, hukumbushwa, hutuma tena. Takwimu hupanda kutoka kijijini hadi wilayani, hadi makao makuu, hadi kwa mfadhili, na katika safari hiyo yote hakuna kinachorudi chini isipokuwa swali la kwa nini lengo halikufikiwa. Nimewahi kumuuliza afisa ufuatiliaji na tathmini, mtu makini kuliko wote niliofanya nao kazi, kama anajua ripoti zake za miaka minne zilibadilisha nini. Alisema anajua zilipofikia tarehe zake za mwisho. Mtu wa aina hiyo hachoki kwa wingi wa kazi. Huchoka kwa kutoona kazi yake imeishia wapi.

Dawa yake haina gharama kubwa. Mwaka 2007 mtafiti Adam Grant na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya katika chuo kikuu kimoja cha Marekani kwa watu wanaopiga simu kuomba michango ya kusomesha wanafunzi. Kundi lililopewa dakika chache tu za kuzungumza na mwanafunzi aliyenufaika na michango hiyo lilikuwa, mwezi mmoja baadaye, likitumia zaidi ya mara mbili ya muda wake wa awali kwenye simu na kukusanya zaidi ya mara mbili ya fedha. Mshahara wao haukubadilika. Fikirini mhasibu wa makao makuu anayepitisha hati za malipo za visima kwa miaka sita bila kuona hata kimoja, au ofisa manunuzi ambaye kwake Simiyu ni jina la safu kwenye jedwali. Ziara moja kwa mwaka, ya mhasibu, mhudumu wa ofisi na mlinzi, tena bila kamera, ingekuwa na maana kuliko fulana za siku ya wafanyakazi. Nayo ripoti ya mwaka isomwe kwa Kiswahili mbele ya wale waliotoa takwimu zake kabla haijapelekwa Brussels au London.

Lipo kundi ambalo hata halihesabiwi katika orodha zenu za watumishi: waelimishaji rika, wahamasishaji, wasaidizi wa kisheria wa vijijini, wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tunawaita watu wa kujitolea, tunawapa baiskeli, mkoba na posho ambayo huchelewa miezi miwili, kisha tunawapangia malengo ya mwezi kama waajiriwa. Kujitolea ni pamoja na uhuru wa kusema leo sitakuja. Asiye na uhuru huo anafanya kazi, na afanyaye kazi hustahili ujira. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilipendekeza kwamba wahudumu hawa walipwe kulingana na uzito wa kazi, muda, mafunzo na majukumu yao, na likashauri dhidi ya kuwalipa kwa kutegemea tu, au kwa sehemu kubwa, idadi ya malengo waliyofikia. Sababu yake inaeleweka kwa aliyewahi kufanya kazi kijijini: mtu anayelipwa kwa idadi ya watoto waliopimwa uzito hatatembea saa mbili kwenda kwenye kaya moja iliyo mbali, ambayo pengine ndiyo yenye mtoto mwenye utapiamlo. Serikali ilipozindua mpango wake jumuishi wa wahudumu hao Januari 2024, ilikuwa imekwisha kukubali kwamba kazi hii inahitaji mafunzo rasmi na malipo. Mashirika, ambayo ndiyo yaliyoianzisha katika vijiji vingi, yasiwe ya mwisho kukubali.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba wafadhili hawalipii mambo haya. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, katika ruzuku zake za nje huweka ukomo wa asilimia 7 kwa gharama za uendeshaji zisizo za moja kwa moja, yaani zile za kuendesha shirika ambazo si za shughuli za mradi wenyewe. Serikali ya Marekani iliongeza kiwango chake cha gharama hizo, kwa mashirika yasiyo na makubaliano maalumu nayo kuhusu kiwango hicho, kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 1, 2024, na haikupita hata nusu mwaka kabla fedha zenyewe hazijakauka. Hayo ni mazingira magumu kweli. Lakini nimekaa kwenye kuandaa bajeti za kutosha kujua kwamba mara nyingi tunajipunguza wenyewe kabla hatujaulizwa. Tunaandika nusu ya mshahara wa mhasibu tukijua atafanya kazi nzima, tunafuta mstari wa mafunzo ili andiko la kuombea fedha lionekane la bei nafuu, tunaahidi wilaya sita kwa watumishi wa wilaya tatu. Mfadhili hakukataa kulipia watu, hakuombwa. Gharama ya tofauti hiyo hulipwa na afisa anayefanya kazi Jumamosi na Jumapili, na andiko linalofuata hutumia idadi ile ile ya watumishi kama ushahidi kwamba inawezekana.

Tena kuna mambo ambayo hayahitaji mfadhili kabisa. Kanuni za mwaka 2018 zinayataka mashirika kuwasilisha Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo mikataba ya fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Basi Serikali inajua mna fedha kiasi gani, mfadhili anajua, mkaguzi anajua, na mtu asiyejua ni afisa anayetakiwa kuzitumia kwa busara. Nimewaona maofisa wa wilaya wakisimamia shughuli za mamilioni bila kuruhusiwa kuona bajeti yake, wakiomba idhini ya makao makuu ili kubadilisha ukumbi wa mkutano uliovuja paa. Kumwonyesha mtu bajeti ya eneo lake na kumruhusu kuamua mambo madogo ndani yake hakuna gharama isipokuwa kwa meneja anayependa kuombwa.

Kwa hiyo naziomba bodi, kwa kuwa nyinyi ndio mnaoweza kuwauliza wakurugenzi maswali ambayo sisi hatuwezi, ziweke mambo manne katika ajenda ya kikao cha robo mwaka ijayo. Kila mfanyakazi wa mkataba apewe taarifa ya maandishi siku 90 kabla ya mkataba kuisha, na kama mfadhili hajaamua, taarifa iseme hivyo na itaje tarehe ya taarifa inayofuata. Mkurugenzi alete jedwali la posho za safari zilizolipwa mwaka uliopita kwa kila cheo, likiwa pembeni ya jedwali la mishahara, ili mwone wenyewe ni kipi kinachowalipa watu. Waelimishaji na wahudumu wa jamii wahesabiwe kwa idadi, kwa saa na kwa tarehe walizolipwa. Na mahojiano ya mwisho ya wote walioondoka kwa hiari yao katika miaka miwili iliyopita yasomwe na mjumbe mmoja wa bodi, badala ya kuletewa muhtasari ulioandikwa na uongozi ule ule uliokimbiwa. Faili hizo zipo. Katika mashirika mengi niliyoyaona, tangu zilipofungwa hakuna aliyeziomba.

Wenu katika kazi,

Mtumishi wa rasilimali watu katika sekta ya mashirika yasiyo ya kiserikali, Dodoma